Mzee Matthew Wellington na Msafara wa Kwihara

Halmashauri imetuagiza tuandike makala moja ya historia kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho, ambacho wanachama watakipokea siku Chama Kikuu chetu cha Ushirika kinapotimiza umri wa miaka kumi. Habari za kilo zilizopimwa, bei zilizolipwa na maghala yaliyojengwa zimeelezwa na viongozi wetu katika kurasa nyingine, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tumeona afadhali tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyeishi sana, ambaye njia yake ilipita katika nchi yetu ya Unyamwezi, na ambaye maisha yake yana fundisho kwa kila mkulima aliye na kitabu cha uanachama mkononi.

Miaka kumi ya chama si haba. Lakini kwa binadamu miaka kumi ni umri wa mtoto aendaye kuchunga mbuzi. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi na tumtazame mtu aliyeona mengi, kisha tujiulize sisi wenyewe tunayafanyia nini yale tunayoyaona.

Mtoto wa Kiyao

Mtu huyo tunamjua kwa jina la Matthew Wellington. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Myao, na jina lake la utotoni lilikuwa Chengwimbe. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akafikishwa pwani na kupakiwa chomboni pamoja na watumwa wengine. Siku hizo manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watoto wengi waliookolewa hivyo hawakurudishwa kwao, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali na njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya wauza watu. Wengi wao walipelekwa Bara Hindi. Huko, karibu na mji wa Nasik katika jimbo la Bombay, wamisionari wa Kiingereza walikuwa na shule mahali paitwapo Sharanpur, ambapo watoto wa Kiafrika walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono. Chengwimbe alilelewa hapo, akabatizwa, akapewa jina jipya.

Hapo wanachama wataona jambo la ajabu. Mtoto aliyepoteza nyumba, ndugu na jina lake, alipata kitu kimoja ambacho watu wengi wa bara wakati huo hawakukipata, nacho ni kalamu. Neno hili tunaomba likumbukwe, kwa maana tutalirudia.

Watu 57 wafika Unyanyembe

Mnamo mwezi Februari 1872 Dakta Livingstone na Bwana Stanley waliwasili Kwihara, karibu na Tabora, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki katika tembe la Kwihara akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumletea. Alingoja miezi mitano. Wakati huo vijana sita wa shule ya Nasik walikuwa wamekwisha kuletwa Unguja ili waingie katika safari ya kumtafuta Dakta. Stanley alipofika pwani na habari kwamba amekwisha kumwona, safari ile ilivunjika, lakini vijana hao waliunganishwa na msafara mpya. Jumla ya watu 57 walipanda kutoka pwani, wakafika Unyanyembe tarehe 14 Agosti 1872. Kati yao alikuwamo Matthew Wellington, na wenzake wa shule, akina Jacob Wainwright na Carus Farrar.

Wasomaji wetu wa Bukene, Itobo, Ndala na Puge hawahitaji kuelezwa msafara ulikuwa kitu gani. Kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya babu zetu. Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, kila mtu akiwa na mzigo wa yapata frasila mbili begani. Kutoka Tabora njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Usukuma, Karagwe na Buganda, ikikata nchi hii ambayo sisi leo tunalima. Mwenye kutembea barabara ya lami kutoka Tabora hadi Nzega yumo katika nyayo za watu hao.

Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara na watu wake kuelekea kusini, akitafuta chemchemi za mto Nile mahali ambapo hazikuwapo. Walipita kando ya Ziwa Tanganyika, wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika. Dakta aliugua tumbo la kuhara damu hata hakuweza tena kutembea, wakamchukua kwa kitanda. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mnamo tarehe 1 Mei 1873.

Mkutano wa Chitambo

Hapa ndipo inapoanza sehemu ya habari hii inayotuhusu sisi wana-ushirika kuliko sehemu nyingine zote.

Watu wale walikuwa mbali na pwani kwa mwendo wa miezi mingi. Bwana wao amekufa. Hapakuwa na askari wa kuwalazimisha wala mtu wa kuwalipa. Wangaliweza kugawana nguo zilizobaki, wakatawanyika, kila mtu akashika njia yake. Badala yake walifanya mkutano. Wakawachagua Susi na Chuma wawe viongozi, kwa sababu hao wawili walikuwa wazee wa safari na taabu zake, wakaahidi kuwatii. Kisha masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha vitu vyote vilivyokuwamo, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba kitu fulani kimeibiwa. Mwisho wakaamua kwamba mwili usizikwe ugenini, bali uchukuliwe hadi pwani.

Tazameni, wanachama: wajumbe wamekutana, viongozi wamechaguliwa, mali imehesabiwa mbele ya watu, uamuzi umepita, na katibu ameandika. Watu hao hawakuwa na sheria ya ushirika iliyochapwa. Lakini walijua kwamba mzigo mkubwa hauchukuliwi na watu wasioaminiana, na kwamba kuaminiana hakutoshi pasipo hesabu.

Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti wa mpundu, na Jacob akachora maandishi katika gome lake. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani, ukafungwa katika nguo na gome la mti. Ndipo msafara ukaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Wanawake nao walikuwamo, miongoni mwao Halima, aliyekuwa mpishi wa Dakta, na Ntaoeka, mke wa Chuma.

Tungependa pia wanachama wajue jambo moja lililotukia Unguja wakati watu hawa wakiwa njiani. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Basi Matthew Wellington, aliyeuzwa utotoni, alikuwa akitembea kuelekea pwani ambayo watu hawakuuzwa tena hadharani, naye hana habari.

Robota la nguo

Mwezi Oktoba 1873 walifika tena Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Wao wakakataa. Walikuwa wapagazi na watumishi, naye alikuwa afisa wa manowari, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kupitishwa katika mkutano wao, wala hawakuona sababu ya kuutengua kwa kuwa mtu mkubwa ameshauri. Cameron alivichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu. Mwili wakaendelea nao.

Walipofika Kasekera, mashariki ya Tabora, watu wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakafanya shauri. Wakakata mabua ya mtama, wakayafunga katika nguo kwa mfano wa maiti, wakawatuma watu sita kurudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuizika. Wale sita walipofika porini wakayatupa mabua yale, kisha wakarudi kwa wenzao. Na mwili wenyewe ukafungwa upya, mfupi na mnene, ukaonekana kama robota la nguo za biashara, ukapita vijijini pasipo kuulizwa. Sisi ambao kila msimu tunafunga marobota ya pamba hatuwezi kulisoma jambo hili bila kutabasamu, na tukimaliza kutabasamu tunastaajabu.

Mnamo mwezi Februari 1874 waliwasili Bagamoyo. Walilipwa ujira wao wakaagwa, na manowari ikauchukua mwili. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kati ya watu wote walioubeba mwili ule, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria mazishi. Susi na Chuma waliitwa Uingereza mwaka huo huo lakini baada ya maziko. Jumuiya ya Jiografia ya London ilitengeneza medali kwa ajili ya wapagazi wale, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha tawanyika.

Aliyebaki

Sasa tuhesabu miaka. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alifariki Unguja mwaka 1891. Jacob Wainwright alirudi katika nchi yetu, akafariki Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington alikwenda kukaa Mombasa, ambako mwaka 1875 wamisionari walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya kijiji hicho ingaliko, na mahali pale huitwa Kengeleni. Huko Mombasa aliishi, akafanya kazi, akazeeka, na huko akafariki mwaka 1935. Alimpita Chuma kwa miaka 53, Susi kwa miaka 44, na mwandishi wao Jacob kwa miaka 43. Tangu kifo cha Livingstone hadi chake mwenyewe ilipita miaka 62.

Alikuwa na umri gani? Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama vile wazee wetu wengi wasivyokuwa nacho. Lakini njia ya kuhesabu ipo, nayo ni ile ile tunayoitumia vijijini. Mzee wa Nzega ukimwuliza amezaliwa lini atakujibu kwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, au mwaka reli ilipofika. Matthew alipofika Unyanyembe mwaka 1872 alikuwa kijana aliyekwisha maliza shule na kuweza safari ya wapagazi. Tukisema alikuwa na miaka 20, basi alifariki na miaka 83. Tukisema alikuwa na miaka 25, basi 88. Katika zama zile, ambapo ndui, homa na njaa zilimaliza watu kabla ya mvi, huo ulikuwa umri wa watu wachache mno.

Na fikirini ni mambo gani yaliyopita mbele ya macho yake. Aliwaona Wajerumani na Waingereza wakigawana nchi hizi. Huku kwetu Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani hata akafa ngomeni mwake mwezi Januari 1893, na njia aliyopita Matthew ikawa ya serikali. Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli ya kutoka Mombasa, mji aliokaa. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na upagazi wa babu zetu ukakosa kazi. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, ikipita Bukene katika wilaya yetu. Safari iliyowachukua wale watu 57 miezi miwili na nusu, treni iliimaliza kwa siku chache.

Yeye aliyekuwa mali ya mtu aliona utumwa ukifutwa katika sheria Unguja mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1934 kilichapwa kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia habari za watu wa Freretown kwa Kiswahili, naye Matthew angali hai. Na tunapenda kuongeza jambo litakalowafurahisha wasomaji wa kitabu hiki: sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata Chama Kikuu cha Wachaga, KNCU, kikaandikishwa Moshi. Kwa hiyo mtu aliyefunga robota lile la Kasekera aliishi hata akaikuta siku ambayo mkulima wa Tanganyika aliweza kuuza robota lake kwa jina la chama chake.

Kalamu mbili

Kwa nini tunamjua mtu huyu, na hatuwajui wengine? Waliondoka Kwihara makumi ya watu. Mzigo ulikuwa mmoja na jua liliwachoma sawasawa. Majina yaliyobaki ni machache, nasi tukiyatazama vema tutaona yamebaki kwa njia mbili. Wako waliojua kuandika, kama Jacob na Carus, ambao waliacha maandishi ya mikono yao. Na yuko Matthew, ambaye aliishi hata watu wakazinduka wakaja kumwuliza. Mmisionari W. J. Rampley aliandika kitabu kidogo cha maisha yake wakati mzee huyo alipohesabiwa kuwa wa mwisho miongoni mwa watu wa Livingstone. Basi maisha marefu nayo ni kalamu. Lakini ni kalamu isiyoandika yenyewe. Hungoja mtu wa kuuliza, na wino wake hukauka siku moja pasipo taarifa.

Wanyamwezi maelfu kwa maelfu waliobeba pembe kupitia nchi hii hawakupata kalamu ya kwanza, na ya pili haikuulizwa. Ndiyo sababu vitabu vya safari vina majina ya mabwana waliotembea mikono mitupu, na waliobeba mizigo wameandikwa kwa idadi tu. Hatusemi hivi kwa kumwonea mtu kijicho. Tunasema kwa sababu jambo hili laweza kutupata sisi pia, nasi tusiwe na wa kumlaumu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeizoea katika hesabu za fedha, lakini ni kweli pia katika hesabu za watu. Sisi tushikao vitabu vya chama twajua taabu itokeayo mwanachama mzee anapofariki, na jina lake katika rejista limeandikwa namna moja, katika stakabadhi namna nyingine, na katika kitambulisho namna ya tatu. Wajane na watoto huzunguka ofisini kudai hisa ambazo kila mtu kijijini ajua kwamba ni zao, isipokuwa karatasi. Mtu huyo alilima miaka arobaini. Amebakiza herufi mbili zilizokosewa.

Zaidi ya hayo yako mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwezi Mei 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kijana aliyekuwa karani wa mizani mwaka ule wa kuvunjwa, leo ni mzee mwenye wajukuu. Yeye ajua ni nini kilichofanya wanachama wakakipenda chama chao cha zamani, na ni nini kilichowafanya wakakichoka. Ajua karani gani alisifiwa na kwa nini, na mizani ipi ilifichwa jiwe. Maarifa hayo ndiyo yatakayokikinga chama chetu kisije kikajikwaa pale pale. Yamo katika kichwa cha mtu anayekaa chini ya mwembe, na hakuna katibu aliyekwenda kumwuliza.

Kwa hiyo tunatoa shauri hili mbele ya wanachama na viongozi, tukiomba lijadiliwe katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi. Kila chama cha msingi na kitenge daftari moja, lisiwe la fedha. Katibu, pamoja na kijana mmoja aliyemaliza shule, na aende kwa wanachama wazee, wanaume na wanawake, mmoja kwa kila mwezi. Aandike jina kamili la mzee kama yeye mwenyewe alitamkavyo, jina la baba yake na kijiji alikozaliwa. Aandike ni mwaka gani wa njaa au wa mvua kubwa anaoukumbuka kwanza. Aandike alianza kulima zao gani, aliuzia nani na alilipwa namna gani. Kisha amsomee mzee yaliyoandikwa, naye ayakubali au ayasahihishe. Gharama yake ni daftari, kalamu na mguu wa kwenda. Faida yake ni kwamba rejista zetu zitasahihishwa wenyewe wangali hai, na watoto wetu watajua chama hiki kilijengwa na nani.

Watu wa Chitambo walifungua masanduku mbele ya wote, wakaandika kilichomo kabla hawajaanza safari. Chama chetu nacho kinaanza safari ya mwongo wa pili. Wazee wetu ndio masanduku yetu. Tuyafungue kwa heshima, tuandike yaliyomo, na ndipo tujitwishe mzigo. Mungu awape wazee wetu umri, na awape makatibu wetu subira ya kusikiliza.